Hellmuth, Negreanu au Ivey: Nani wa Kumfuata Mezani?

Kwenye kijiwe chetu cha Mwanjelwa ubishi wa poka, mchezo wa karata na dau, huwaka kila ifikapo Juni. Huo ndio msimu wa World Series of Poker, WSOP, kule Las Vegas, na huku Mbeya ndio msimu wa baridi, watu wamejikunyata ndani ya makoti karibu na jiko la muuza kahawa. Las Vegas iko nyuma yetu kwa saa 10. Meza ya mwisho ikianza kwao saa kumi jioni, kwetu ni saa nane usiku, na wengi tunakuwa tumelala. Asubuhi vipande vya video vya wachezaji watatu maarufu vinapita kwenye simu, na ubishi unaanzia hapo. Kipande cha dakika moja kinabeba maneno, hakibebi rekodi. Mmoja anamwona Phil Hellmuth akifoka, anasema huyu hana lolote. Mwingine anamwona Daniel Negreanu akicheka huku akitaja karata za mwenzake, anasema bingwa ndiye huyu. Wa tatu anamwona Phil Ivey amekaa kimya akimkodolea mtu macho, anasema hana mpinzani.

Nawaandikia walioanza kucheza Texas Hold'em, aina mojawapo ya poka, kwa vizibo vya soda badala ya chipu za kuwekea dau, wanafunzi wa Iyunga na vijana wa sokoni, ambao wamekwama kwenye swali moja: kati ya hawa watatu, nimtazame nani nijifunze kwake? Kila mtu ana jibu lake linalomfaa, lakini hatalipata akichanganya rekodi na maneno. Ni vitu viwili, na kila kimoja kina kipimo chake.

Vigezo

Kwanza rekodi yenyewe. Taji la WSOP ni bangili, na watu wanapenda kuzihesabu. Idadi ni mwanzo mzuri, ila lazima uulize bangili zimepatikana katika michezo gani na katika kipindi gani.

Pili gharama iliyo nyuma ya rekodi, na kile ambacho rekodi haikionyeshi kabisa.

Tatu maneno ya mezani. Hapa siulizi kama yanachekesha. Nauliza yanafanya kazi gani: yanavuta habari kutoka kwa mpinzani, yanamtoa kwenye mstari, au yanampunguzia tu hasira aliyeyasema.

Nne, kinachoigika. Mtu anaweza kuwa fundi mkubwa na bado usipate cha kuchukua kwake ukakileta kwenye meza yenu.

Rekodi

Hellmuth ndiye mwenye hesabu kubwa kuliko wote. Hadi mwisho wa 2024 alikuwa na bangili 17, na anayemfuata alikuwa na 11. Ya kwanza aliichukua 1989, akiwa na miaka 24, katika shindano kuu la WSOP. Mwishoni alimshinda Johnny Chan, bingwa wa 1987 na 1988, aliyekuwa anasaka taji la tatu mfululizo. Ya 17 ilikuja 2023, miaka 34 baadaye. Tena mwaka 2012 alishinda shindano kuu la WSOP la Ulaya, lililochezwa Cannes, Ufaransa, na hakuna mwingine aliyewahi kushinda yote mawili.

Wanaompinga husema bangili hizo ni za enzi za watu wachache. Hoja ina msingi: shindano kuu la 1989 lilikuwa na washiriki 178, lakini baada ya Chris Moneymaker, mchezaji asiye wa kulipwa, kushinda 2003 kati ya watu 839, milango ilifunguka na kufikia 2006 walikuwa 8,773. Ila ukizipanga bangili za Hellmuth kwa miaka, utaona 8 kati ya 17 zimekuja baada ya 2003. Mtu aliyeshinda kabla ya mafuriko na akaendelea kushinda ndani ya mafuriko hastahili kubezwa kwa hoja hiyo. Hoja yenye nguvu zaidi ni nyingine: 14 kati ya 17 ni za Hold'em. Zilizobaki ni mbili za razz, mchezo ambao mkono (yaani karata za mchezaji) wa chini kabisa ndio unaoshinda, na moja ya mchezo mwingine wa kubadili karata na kusaka mkono wa chini.

Ivey ni kinyume chake kabisa, na ndiyo maana kuwalinganisha kunanogesha. Ana bangili 11, ya kwanza 2000 na ya 11 mwaka 2024, na hakuna hata moja ya Hold'em isiyo na kikomo cha dau. Ameshinda poka ya Omaha, amewashinda watu katika stadi (stud) ya karata saba, aina nyingine ya poka, ameshinda mashindano yanayochanganya michezo mitano na hata minane kwa zamu. Msidhani Hold'em haiwezi. Mwaka 2009 alifika meza ya mwisho ya shindano kuu, kati ya watu 6,494, akamaliza wa saba. Mwaka 2003 alitoka wa kumi, na aliyemtoa ni Moneymaker huyohuyo aliyekuja kuwa bingwa.

Negreanu, Mkanada aliyezaliwa na wazazi kutoka Romania, ana bangili 7, kuanzia 1998. Baada ya mbili za 2013 alikaa miaka 11 bila nyingine, watu wakaanza kusema amekwisha. Mwaka 2024 akachukua lile shindano la michezo mchanganyiko ambalo kiingilio chake ni dola 50,000, na wachezaji wenyewe wa kulipwa wanaliheshimu kuliko karibu mengine yote. Amekuwa mchezaji bora wa mwaka wa WSOP mara mbili, 2004 na 2013. Alitangazwa hivyo tena 2019, kisha ikagundulika makosa ya kuingiza matokeo, sifa ikaenda kwa Robert Campbell wa Australia.

Kwa hiyo, Hellmuth amechimba kisima kimoja kirefu, Ivey ameenda mapana, na Negreanu ana vilele vichache vilivyo juu sana. Anayesema 17 ni kubwa kuliko 11, mjadala umefungwa, amejibu swali la hesabu tu.

Gharama, na kisichoonekana

Hapa ningependa tukae kidogo, kwa sababu ndipo vijana wengi wanapopotea.

Orodha za mapato ya wachezaji zinaonyesha kilicholipwa na mashindano. Hazionyeshi viingilio. Ni sawa na mkulima wa viazi wa Uyole akutajie pesa aliyouzia gunia zote na asitaje mbegu, mbolea, vibarua wala lori. Mwaka 2014 Negreanu alishika nafasi ya pili katika shindano ambalo kiingilio chake kilikuwa dola 1,000,000, akalipwa zaidi ya milioni 8.2. Video itakuonyesha milioni nane. Ile moja iliyotangulia haikuonyeshi, wala haikwambii kwamba wachezaji wengi huuza sehemu ya kiingilio chao kwa watu wengine, kwa hiyo ushindi nao hugawanywa.

Na kwa hili Negreanu anastahili heshima ya pekee. Ana desturi ya kuweka hesabu zake za mwaka hadharani. Kwa mwaka 2017 alieleza kwamba mashindano yalimlipa karibu dola milioni 2.8, na bado, ukitoa viingilio, alimaliza mwaka kwa hasara. Msomaji akibaki na jambo moja tu kutoka kwenye ulinganisho huu, natamani liwe hilo. Mtu wa kiwango cha dunia, mwaka mzima wa kazi, malipo ya mamilioni, na hasara.

Yapo pia yasiyoingia kwenye orodha ya bangili. Kati ya 2020 na 2021 Negreanu alicheza na mchezaji mwenzake Doug Polk, wawili peke yao, mikono (migao ya karata) 25,000 na kupoteza takriban dola milioni 1.2. Mwaka huohuo wa 2021 Hellmuth alimfunga Negreanu mara tatu mfululizo katika mapambano ya wawili wawili yaliyorushwa mubashara, baada ya kumfunga mchezaji mwingine, Antonio Esfandiari, mara tatu pia. Anayesema Hellmuth hajui mchezo wa kisasa na ayatazame mapambano hayo kwanza. Ivey naye, Februari 2006, alimshinda tajiri wa benki Andy Beal zaidi ya dola milioni 16 kwa siku tatu. Ulikuwa mchezo wa pesa, si shindano, kwa hiyo rekodi ya mashindano haina hata mstari mmoja juu yake.

Kwa upande wa Ivey kuna jambo jingine ambalo haki inataka litajwe. Mwaka 2012 alishinda pauni milioni 7.7 katika kasino ya Crockfords, London, kwenye mchezo wa punto banco, ambao si poka. Yeye na mwenzake walitambua tofauti ndogo za michoro migongoni mwa karata, kisha wakamfanya mgawaji azigeuze zenye thamani. Kasino ilikataa kulipa. Mahakama ya Juu ya Uingereza ilitoa uamuzi 2017 kwamba huo ulikuwa udanganyifu, hata kama yeye aliamini ni ujanja halali wa mchezaji. Bangili zake 11 hazihusiki na kesi hiyo na haifai kuziondolea thamani. Lakini anayemchukua Ivey kama kielelezo cha mwenendo, ajue kesi hiyo ipo.

Maneno ya mezani

Kabla ya kuwapima, tujue sheria, kwa sababu wengi hudhani mezani kila neno ruksa. Kwenye WSOP, mkono ukiwa unachezwa, lugha ni Kiingereza peke yake, kusudi wawili wasinong'onezane mbele ya wa tatu. Wachezaji zaidi ya wawili wakiwa bado wanashindania dau, hairuhusiwi kutaja karata zako, iwe kweli au uongo. Mwaka 2016 Mwingereza William Kassouf alipewa adhabu kwa kuongea mfululizo na kuchelewesha mchezo, na alimaliza wa 17 akiwa amewachosha wengi. Maneno yana mipaka hata huko.

Sisi tuliokulia vijiweni maneno tunayajua. Mcheza drafti wa Mwanjelwa anasogeza kizibo huku anakuuliza nyumbani umeaga vipi. Hizo ni tambo, na kazi yake ni kukuharakisha. Na tunao utani, wenye adabu zake: Mhehe na Mngoni wanaweza kuchambana msibani na wasikasirikiane, maana kila mmoja anajua mwenzake hamlengi moyoni. Tukiwa na tofauti hiyo kichwani, hawa watatu wanasomeka vizuri.

Negreanu yuko karibu na mtani. Anaongea na wote, mwenyeji na mgeni, tajiri na aliyeshinda tiketi ya bahati. Katikati ya mkono anasema kwa sauti anachodhani umeshika, kisha anatazama: umemeza mate, umecheka mapema mno, mkono wa chipu umesita? Mazungumzo yake ni chambo cha habari, na kwa sababu yanakuja na tabasamu, watu wanajibu bila kujijua. Lakini yasikuzwe. Mkono wake unaokumbukwa kuliko yote ni ule dhidi ya mchezaji mwenzake Gus Hansen, katika mchezo wa pesa wa televisheni. Negreanu alikuwa na sita tatu na tano mbili, mkono mkubwa sana. Hansen alikuwa na tano zote nne. Hansen akasukuma chipu zote, Negreanu akafikiri kwa sauti, akapitia karata moja moja, kisha akalipa. Dau lote la mezani lilikuwa dola 575,700. Kuongea kote kule hakukumwokoa.

Hellmuth, tuseme ukweli, hamtanii mtu. Maneno yake makali huja akishashindwa, na yanalenga akili ya aliyemshinda. Kwenye shindano kuu la 2008 alitupa ree na mfalme, mpinzani wake Cristian Dragomir akaonyesha 10 na 4, na Hellmuth akamtukana hadi akapewa adhabu ya kukaa nje kwa muda. Adhabu ikafutwa baadaye na uongozi, jambo lililowakera wengi, na mimi pia naona halikuwa sawa: sheria ikimlegezea mtu maarufu, mchezaji mgeni hana kinga mezani.

Hata hivyo haki yake apewe. Mtazame mkono huohuo bila sauti: alikuwa na karata nzuri, akahisi hatari, akazitupa. Hayo ndiyo mazoea yake kwa zaidi ya miaka 30, kutupa mikono ambayo wengi wangeing'ang'ania. Anafoka baada ya mkono kwisha, chipu zimeshaondoka, na ule wakati wa kuamua huwa ametulia. Kuna faida nyingine ambayo kipande cha video hakionyeshi: watu wanatamani sana kumfunga yeye, wanamfuata na karata dhaifu ili wawe na hadithi ya kusimulia, na mwishowe wanamlipa. Sina hakika kwamba anafoka kwa hesabu. Nafikiri hasira ni ya kweli, ila inamlipa.

Kwa Ivey hakuna mengi ya kunukuu, na huo ndio uchezaji wake. Anatazama. Mtu anapandisha dau, Ivey anageuza uso, anamwangalia mpaka aliyepiga mkwara aanze kuona kiti kinawaka. Wapo wanaoongea peke yao kwa sababu ya ukimya ule. Lakini hata ukimya si kinga ya kila kitu. Katika shindano kuu la 2009 alitupa karata tano za alama moja zilizokuwa zimeshinda, hakuziona, na dau likaenda kwa mwenzake.

Kinachoigika

Cha Negreanu kinaigika kirahisi kwa nje na kwa tabu kwa ndani. Kuongea kila mtu anaweza. Kuongea huku unakumbuka nani alipandisha dau na lini, hiyo ni kazi ya miaka. Ukianza na mdomo kabla ya macho, utawagawia wenzako habari zako mwenyewe. Dau zake ndogo ndogo, zinazomruhusu kuona karata nyingi kwa bei nafuu, hizo zinafundishika mapema.

Kwa Hellmuth chukua kutupa karata. Acha sauti. Nasema hivi kwa uzito, kwa kuwa nimeona vijana wakianza na sauti. Kule kwao kuna meneja wa mashindano na adhabu. Kijiweni kwetu kuna jirani ambaye kesho mtakutana naye kisimani.

Ukimya wa Ivey ndio unaopatikana bure kuliko vyote, na naufikiria kuwa somo la kwanza linalofaa kwa wengi. Upana wa michezo yake ni habari nyingine: huwezi kujifunza stadi na Omaha kabla Hold'em haijatulia.

Kwa hali yako

Kama umejifunza sheria juzi, mtazame Hellmuth sauti ikiwa imezimwa. Angalia ni mikono gani anaingia nayo na mingapi anaiacha ipite.

Kama unacheza kila wiki na wenzako hukusoma usoni, Ivey. Jiwekee sharti la kutosema neno tangu karata zigawiwe hadi mkono uishe, na kila dau lisukume kwa mwendo uleule, uwe na ree mbili au huna kitu.

Kama una kichwa cha moto, Hellmuth hakufai kabisa, hata kama unampenda. Mtu wa hasira akimtazama mtu wa hasira anayeshinda, anapata ruhusa. Nenda kwa Ivey, au kwa Negreanu.

Kama tayari unajua hesabu za mchezo na umechoka na Hold'em, fuata bangili za Ivey mchezo mmoja mmoja, kisha lile shindano la Negreanu la 2024.

Kama unawaza kuifanya iwe riziki, anza na hesabu za hadharani za Negreanu kabla ya video yoyote. Andika viingilio vyako na ushindi wako kwenye daftari moja. Kwa sheria ya Tanzania kucheza kwa pesa ni kwa mwenye miaka 18 na kuendelea, katika sehemu yenye leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, na pesa ya mbolea isiguswe. Vizibo vinafundisha yote niliyoyaeleza hapa.

Kama unataka tu kumshinda rafiki kwenye ubishi, mwulize kwanza anabishania nini. Akisema mataji ya mashindano, Hellmuth ana hoja nzito. Akisema mchezaji kamili wa kila aina ya poka, Ivey. Akisema mtu ambaye ungependa kukaa naye meza moja kwa saa kumi na mbili, wengi wetu tungemchagua Negreanu.

Na kama meza yenu ni ya watani, Mhehe upande huu na Mngoni upande ule, iwe Iringa au Songea, mtindo wa Negreanu utaingia vizuri kuliko mwingine. Kubalianeni mapema tu kwamba mkono ukiwa unachezwa na watu zaidi ya wawili, hakuna kutaja karata.